UZI: Kusoma sayansi ya baioveterinari si kusomea udaktari wa mifugo. Vijana wa Tabora na Kigoma mliomaliza kidato cha sita, pitieni hapa kabla hamjajaza vyuo

Binti wa Usoke (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Wa nyumbani, mwadila. Wa Kigoma, karibuni, maana mbung'o wetu ni wamoja.

Wiki hii nimepigiwa simu na wazazi watatu kwa swali lile lile. Mtoto kasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kaona mtandaoni vyuo vya nje vinatoa shahada ya baioveterinari, je akimaliza atakuwa daktari wa ng'ombe? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu naliandika hapa ili nisilirudie kwenye simu, na kwa sababu jambo lenyewe liko moyoni mwangu tangu nikiwa mtoto.

Nilipokuwa kidato cha pili, baba alikuwa na ng'ombe 14 pale Usoke. Ndani ya kiangazi kimoja wakabaki 5. Hawakufa kwa kishindo. Walikonda taratibu huku wanakula, manyoya yakasimama, macho yakawa yanatoka machozi, majike mawili yakatupa mimba. Alikuja mtu wa dawa na sindano yake, akawachoma OTC wote, ile dawa ya kuua bakteria. Baada ya wiki akarudi, akawachoma tena OTC. Baba akauza fahali mmoja ili anunue dawa ya waliobaki. Yule mtu hakuwa mbaya, alituhurumia hata akatukopesha. Lakini katika safari zake zote hakuna siku aliyotoa tone la damu sikioni mwa ng'ombe akaliweka kwenye kioo.

Miaka ikapita, nikafika SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwaka wa pili, vitendo vya vimelea, mwalimu akatupa slaidi ya damu iliyopakwa rangi ya Giemsa. Nikaweka tone la mafuta, nikashusha lenzi ya mia, nikaona kitu cha zambarau kimejikunja kama mkunga katikati ya chembe nyekundu. Tripanosoma. Mwalimu akaanza kutaja dalili za nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kimelea hicho na kuenezwa na mbung'o: kukonda huku mnyama anakula, manyoya kusimama, machozi, kutupa mimba. Halafu akasema OTC haiui kimelea hiki. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka kipindi kikaisha.

Siwezi kuapa kwamba nagana ndiyo iliyomaliza zizi letu. Huenda ilikuwa hivyo, huenda kulikuwa na ndigana, ugonjwa wa kupe, ndani yake. Hakuna aliyechukua sampuli, kwa hiyo hakuna atakayejua kamwe. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko ng'ombe wenyewe.

Sasa kozi. Baioveterinari ni sayansi ya mnyama na magonjwa yake bila leseni ya kutibu. Unasoma mwili wa mnyama ulivyojengwa na unavyofanya kazi, baiokemia, jenetiki, bakteria, virusi, vimelea, kinga ya mwili, patholojia, dawa zinavyofanya kazi, na elimu ya kuenea kwa magonjwa. Uingereza huchukua miaka 3. Hapa nyumbani, kozi ninayoijua inayokaribiana nayo sana ni shahada ya bayoteknolojia na sayansi za maabara pale SUA, nayo ni miaka 3, na ndiyo niliyosoma mimi. Udaktari wa mifugo wenyewe, BVM, ni miaka 5 pale pale SUA. Mwenye BVM ndiye anayesajiliwa na Baraza la Veterinari kama daktari, kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mimi sichomi sindano, siandiki dawa, sipasui ng'ombe aliyekwama na ndama. Mimi nasema ni nini kinachomuua.

Mzazi, ukielewa sentensi hiyo ya mwisho, utajua kama mtoto wako anafaa huku. Kama ndoto yake ni kuvaa gambuti na kuingia zizini, apambane apate BVM, au aanzie stashahada ya afya ya mifugo kwenye kampasi za LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, kama Tengeru au Mpwapwa. Kama ni yule mtoto ambaye kuku akifa anataka kumfungua aone kuna nini ndani, mleteni huku.

Niulizeni. Nitajibu kadiri mtandao utakavyoniruhusu.

---

Kijana wa Kibirizi

Dada asante kwa uzi. Mimi niko Kigoma, nimemaliza PCB mwaka huu. Nimekua naona watalii wanapanda boti kwenda Gombe, na nia yangu kubwa ni sokwe, si ng'ombe. Je, kozi hii inaweza kunifikisha huko au nitaishia kupima maziwa?

---

Binti wa Usoke

Mdogo wangu, inaweza, na uko karibu na mfano mzuri kuliko wanafunzi wengi duniani. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960. Mwaka 1966 sokwe wa pale walipata ugonjwa wa kupooza unaofanana na polio, wengine wakafa, wengine wakabaki na mikono mibovu. Tangu hapo watu wakajua kwamba msitu ule si kisiwa, ugonjwa wa binadamu unaweza kuingia. Ndiyo maana leo mgeni haruhusiwi kumsogelea sokwe, na mwenye mafua hatakiwi kupanda mlimani. Mafua yako wewe ni nimonia kwa sokwe.

Kuna kazi nyingine naipenda zaidi. Watafiti walitaka kujua kama sokwe wa Gombe wana SIV, virusi vya jamii moja na VVU. Huwezi kumkamata sokwe kila mwezi umtoe damu. Wakaokota kinyesi na kukusanya mkojo chini ya miti, wakapeleka maabara, wakatafuta kingamwili na chembe za urithi za kirusi humo humo. Matokeo yalitoka mwaka 2009: sokwe wenye maambukizi walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa rika lao. Kabla ya hapo wengi waliamini SIV haiwadhuru wanyama wake. Kinyesi cha porini Kigoma kikabadilisha imani hiyo. (Niweke sawa jambo moja kwa sababu nalisikia sana vijiweni: virusi vilivyozaa VVU vinavyoenea duniani vimefuatiliwa hadi kwa sokwe wa Afrika ya Kati, upande wa Kamerun, si kwa hawa wa Gombe.)

Ile ndiyo baioveterinari, mdogo wangu. Mtu wa kuokota, mtu wa kuhifadhi ubaridi, mtu wa kupima, mtu wa kuhesabu.

Na maziwa usiyadharau. Maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye bruselosi humpa binadamu homa inayokuja na kuondoka kwa miezi, na mgonjwa hutibiwa malaria mara nne.

---

Mzee wa Josho

Nimesoma kwa makini. Mimi ni afisa mifugo wa kata, mwaka wa 19 huu kazini, sehemu kubwa nimeitumikia mkoani Tabora. Binti, nakubaliana nawe kwa mengi ila nina neno. Mnapomaliza huko mnarudi mnatulaumu sisi wa sindano. Mimi nina kata yenye vijiji 5 na pikipiki moja ambayo mafuta yake mara nyingi natoa mfukoni. Mfugaji ananipigia saa 12 asubuhi, ng'ombe kalala. Nikimwambia nichukue damu nipeleke mjini, majibu nikuletee, ananiona sijui kazi. Atampigia mwenye duka la dawa. Kwa hiyo nachoma kile ambacho uzoefu unaniambia, na mara nyingi kinakuwa ndicho. Tezi za chini ya sikio zikivimba na homa ikawa kali, sihitaji hadubini kujua ni ndigana kali.

---

Binti wa Usoke

Shikamoo mzee wangu. Hujakosea, na sikuandika kukulaumu. Nimeandika kwa sababu ya yule aliyekuja kwetu, ambaye kama angekuwa na mahali pa kupeleka kioo na mtu wa kukisoma siku ile ile, angekipeleka. Upungufu ni wa watu kama mimi, si wa watu kama wewe.

Kwa ndigana kali yenye tezi zilizovimba, uko sahihi, ukichelewa kusubiri majibu mnyama anakufa. Lakini hata pale sindano ya kunyonya majimaji ya tezi na slaidi moja vinakuonyesha kimelea ndani ya chembe nyeupe kwa muda usiozidi saa moja. Na ukiona ni ndigana kali, unajua OTC peke yake kwa mnyama aliyekwisha kuugua haitoshi, unatafuta buparvakwoni.

Tatizo langu ni magonjwa yasiyo na alama. Kukonda. Kukonda kunaweza kuwa nagana, minyoo ya ini, ndigana baridi sugu, kifua kikuu, au njaa tu ya Septemba.

---

Mha Ughaibuni

Salamu kutoka Uingereza, kwetu Kasulu. Mimi nimesoma hiyo hiyo baioveterinari huku, nimemaliza. Naomba niwaambie wazazi yale ambayo vipeperushi vya vyuo huyasema kwa sauti ndogo.

Kwanza jina. Wazazi wangu walitangaza kanisani kwamba mtoto kaenda kusomea udaktari wa mifugo. Sikuwa na moyo wa kuwasahihisha kwa miaka miwili. Huku mtu hawezi kujiita daktari wa mifugo mpaka awe kwenye daftari la Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo, na shahada hii haikuingizi humo. Hata vyuo vikongwe vya veterinari, kama kile cha London kilichoanza mwaka 1791, vinafundisha kozi zote mbili chini ya paa moja, na wanafunzi wake wanakaa maabara moja, lakini mlango wa kutokea ni tofauti.

Pili, nusu ya darasa letu walikuwa watu walioomba udaktari wakakosa, wakaja huku wakiamini watahamia mwaka wa pili. Hakuna kuhamia kirahisi. Ukimaliza unaweza kuomba udaktari upya kama mhitimu, zipo programu za miaka 4 kwa wahitimu, ila nafasi ni chache na ada ya mgeni ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mwenyeji. Niliona wenzangu waliokuwa na uchungu miaka yote mitatu kwa sababu walikuja na ndoto ya kozi nyingine. Msimlete mtoto hivyo.

Tatu, kabla hujalipa hata senti, waulize TCU, tume ya vyuo vikuu ya nyumbani, kuhusu kutambuliwa kwa shahada ya chuo hicho. Rafiki yangu alikuja kuuliza baada ya kuhitimu, akazungushwa na karatasi miezi mingi.

Nikishasema hayo, sijutii. Mradi wangu wa mwaka wa tatu ulikuwa juu ya usugu wa dawa kwa bakteria wa kuku. Unaweka vidonge vidogo vya dawa kwenye sahani yenye bakteria, asubuhi unapima kwa rula duara ambalo bakteria hawakuota. Dawa ambayo nyumbani tunawapa kuku kila wiki haikuacha duara lolote. Bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa kidonge. Nilipiga picha, nikamtumia mama anayefuga kuku Kasulu. Aliacha kuchanganya dawa kwenye maji siku ile ile.

---

Mama Wawili Ipuli

Nami niulize kama mzazi. Binti yangu yuko kidato cha tano, CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Anaogopa damu kidogo. Na ajira je? Msitufiche.

---

Binti wa Usoke

Dada yangu, kuogopa damu hupona. Mimi siku ya kwanza ya uchunguzi wa mzoga nilishika ukuta. Kinachoshinda wengi si damu, ni baiokemia ya mwaka wa kwanza, na harufu ya fomalini inayokaa kwenye nywele mpaka jioni. Na kutulia. Kazi ya hadubini inahitaji mtu anayeweza kusoma maeneo mia ya kioo kimoja bila kuruka, kisha kuandika "sijaona" kwa ujasiri ule ule wa kuandika "nimeona".

Ajira, sitakuficha. Nafasi za serikali hutoka kwa msimu na waombaji ni wengi, na mimi mwenyewe nilikaa nyumbani mwaka na miezi baada ya kuhitimu. Milango ipo zaidi ya mmoja ingawa: maabara za veterinari za TVLA, ambayo ina kituo hapa Tabora, kiwanda chake cha chanjo Kibaha, utafiti wa wanyamapori TAWIRI, utafiti wa magonjwa ya binadamu NIMR, udhibiti wa dawa, viwanda vya nyama na maziwa, makampuni ya vyakula vya kuku. Wenzangu wawili wamehamia maabara za utafiti wa magonjwa ya binadamu, maana mashine ya kukuza DNA haijui kama sampuli ni ya mbuzi au ya mtu.

Na kwa mkoa wetu kuna sababu ya ziada. Mbung'o anabeba nagana ya ng'ombe, na anabeba malale ya watu. Aina ya malale inayopatikana upande wetu inaweza kuishi ndani ya ng'ombe na wanyamapori bila kelele, kisha ikampata mrina asali au mkata kuni. Wazee wa Urambo, Kaliua na Kibondo wanakumbuka walivyosimuliwa na wazazi wao jinsi mkoloni, miaka ya 1920 na 1930, alivyokusanya watu kutoka vijiji vya msituni na kuwaweka makazi mapya kwa sababu ya malale. Familia ya bibi yangu ilihamishwa hivyo. Anayepima damu ya ng'ombe Kaliua leo anamlinda mtu pia.

---

Mzee wa Josho

Binti, sasa nakujaribu kwa kazi. Nina zizi moja hapa, ng'ombe 22, wameanza kukonda tangu mwezi jana. Wawili wamekufa, mmoja kabla ya kufa alilala siku tatu. Wanachunga ng'ambo ya mto, miombo mizito. Wamekwisha kuchomwa OTC na mwenye duka. Nifanye nini kesho?

---

Binti wa Usoke

Mzee, kwanza nijibu: kuna aliyekufa ghafla, damu nyeusi ikatoka puani au sehemu ya haja, isigande? Kama ndiyo, USIPASUE. Hiyo ni kimeta mpaka ithibitike vinginevyo, ukifungua mzoga vijidudu vinajigeuza mbegu zinazokaa ardhini miaka na miaka.

---

Mzee wa Josho

Hapana. Wote taratibu. Damu nilipomchoma mmoja ilikuwa nyepesi kama maji ya rosela.

---

Binti wa Usoke

Basi fanya hivi. Chagua 8 au 9, wale waliokonda na wawili wanaoonekana wazima. Asubuhi kabla jua halijapanda. Safisha ukingo wa sikio, toboa mshipa mdogo wa pembeni, si ule mkubwa, maana vimelea vingine hupenda damu ya pembeni. Tone dogo kwenye kioo, livute kwa kioo kingine liwe jembamba kama ulimi, likauke kwa kupepea, usianike juani. Funika, nzi wa huku hula damu kavu na kukuachia mashimo. Andika namba kwa penseli. Na kila ng'ombe damu kidogo kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, kile chenye dawa ya kuzuia kuganda, kiweke kwenye ubaridi, kisigande barafu.

Hizo za kichupa tutazijaza kwenye mirija myembamba ya kioo, tutazizungusha kwenye sentrifuji dakika 5. Damu inajitenga: nyekundu chini, maji juu, katikati utando mwembamba mweupe. Kimelea kikiwapo hukaa hapo mpakani, na unakiona kinacheza kikiwa hai. Sehemu nyekundu tunaipima kwa kipimo. Ikishuka chini ya 25 kwa 100 huyo ng'ombe hana damu ya kutosha.

Panda basi la kwanza. Nitakupokea stendi.

---

Kijana wa Kibirizi

Mimi nasubiri hapa hapa.

---

Binti wa Usoke

Kesho yake, saa 11 jioni. Mzee alifika saa 5 na kikapu, chupa 9, vioo 9, barafu imefungwa kwenye gazeti. Kazi safi kabisa.

Katika 9, tumeona tripanosoma kwa 4. Watatu wana ile inayojinyonga polepole ikigongana na chembe nyekundu, hiyo ni aina iitwayo kongolense. Mmoja ana ile inayokimbia kutoka upande mmoja wa kioo mpaka mwingine kabla hujaifuata kwa jicho, hiyo ni aina iitwayo vivaksi. Mmoja kati ya wale wawili "wazima" ndiye mwenye vivaksi. Kipimo cha damu cha aliyekonda zaidi ni 16. Slaidi za rangi zimekubaliana. Daktari wa wilaya tumempigia tukiwa pamoja, ameandika diminazini, dawa ya kuua tripanosoma, kwa kila mmoja, na amesisitiza uzito upimwe kwa mkanda wa kifuani badala ya kukadiria kwa macho, kwa sababu dozi pungufu ndiyo inayofundisha kimelea ukaidi. Baada ya hapo wataangalia kinga ya isometamidiamu na kubadilisha mahali pa kuchungia.

Mzee aliomba aangalie mwenyewe. Aliinama kwenye hadubini muda mrefu. Akaniuliza, "Hiki ndicho?" Nikamwambia ndicho. Akasema miaka 19 amekuwa akipigana na kitu ambacho hajawahi kukiona uso.

---

Mzee wa Josho

Nimefika salama. Mwenye zizi nimemwonyesha video ya simu, kimelea kinakimbia. Ameita majirani. Keshokutwa wanataka nipime mazizi mengine matatu. Binti, vioo vimeisha, nipatie boksi moja, nitalipa.

---

Kijana wa Kibirizi

Dada, nilikuwa nimeweka kozi nyingine ya kwanza. Nimebadilisha usiku huu, maabara SUA ya kwanza, BVM ya pili. Baba kauliza kwa nini, nimemsomea uzi wote kwa sauti. Akikupigia simu naomba umpokee, ana swali kuhusu mbuzi wake.

---

Binti wa Usoke

Apige baada ya saa 10. Mwambie ahesabu kwanza ni wangapi wanaharisha, na kama midomo ina vidonda.